Ukisogeza mkono kwenye M, nani anapanga gia?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliagiza Toyota 86 kutoka Japani. Otomatiki, milango miwili, gari la chini kiasi kwamba tuta lililo nje ya geti lao hulipanda mshazari. Wiki ileile akanijia na swali ambalo nimeshaulizwa na wenye Mark X, wenye Crown na wenye Subaru: "Kaka, hii M ni ya nini? Nikiweka huku gari linageuka manyuali?"

Haligeuki. M ni nafasi ya mkono wa gia inayokuruhusu kuomba gia mwenyewe. Giaboksi inabaki ileile, klachi ya mguuni haiongezeki, na kompyuta iliyokuwa inapanga gia ukiwa kwenye D, nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, ingali kazini. Kilichobadilika ni kwamba sasa inakusikiliza kabla ya kuamua. Wengi wakiambiwa hivyo hukata tamaa, wanaona wameuziwa pambo. Mimi nimeendesha magari ya aina hii kwa miaka, na naamini wenye nayo wengi wana kitu cha thamani mkononi ambacho hawakitumii. Thamani yake haiko kwenye mbio, iko kwenye macho yako. Gari linajua kasi yake, linajua injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, linajua umekanyaga mafuta kiasi gani. Halijui kwamba mbele kuna kona, kwamba lori unalolifuata limeanza kuchoka, wala kwamba ukimaliza kilima hiki unaingia mteremko wa Kitonga. Hayo unayaona wewe, sekunde tano kabla gari halijayahisi. M ni mlango wa kupitishia taarifa hiyo.

Ndani ya giaboksi

Ili kuelewa kwa nini kompyuta haiwezi kuondoka, inabidi tuingie chini ya gari kidogo. Chukua pangaboi mbili uziweke mezani zikitazamana. Washa moja, ya pili iache bila umeme. Upepo wa ile ya kwanza utaanza kuizungusha ya pili, polepole, halafu kwa kasi inayoikaribia ya mwenzake. Sasa badala ya upepo weka oili, na pangaboi zote mbili zifungie ndani ya chungu kimoja cha chuma. Hicho ndicho chombo kinachokaa kati ya injini na giaboksi ya otomatiki. Mafundi wanakiita konvata. Wazo lake lilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akishughulika na meli, si magari. Ni kwa sababu ya konvata kwamba otomatiki inaweza kusimama kwenye taa ikiwa na gia na isizime: injini inazungusha pangaboi yake, oili inateleza, magurudumu yanasubiri.

Utelezi huo ni raha mjini. Kwenye gari la spoti ni adha, kwa sababu ukikanyaga mafuta, sehemu ya nguvu inaishia kuchemsha oili, na sikio linasikia injini ikipanda kabla mgongo haujahisi kusukumwa. Ndiyo maana ndani ya konvata huwekwa klachi inayozibana pangaboi mbili ziwe kitu kimoja. Kwenye magari ya kawaida hubana ukishatulia barabarani. Kwenye ya spoti hubana mapema na haiachii ovyo. Lexus IS F iliyotoka mwaka 2007, yenye gia 8, ukiwa kwenye M ilibana kuanzia gia ya pili mpaka ya nane; konvata ikabakiwa na kazi ya kuliondosha gari tu.

Nyuma ya konvata ziko gia zenyewe, na hazifanani na za manyuali. Zimepangwa kama jua na sayari: moja katikati, ndogo kadhaa zikiizunguka, na pete yenye meno kwa ndani ikizizingira zote. Ukizuia mojawapo ya sehemu hizo isizunguke, uwiano unabadilika, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi. Ukizuia nyingine, unabadilika tena. Kazi ya kuzuia inafanywa na klachi nyembamba zinazoogelea kwenye oili, zinabanwa kwa shinikizo la oili hiyohiyo, na shinikizo linaachiliwa na vali zinazotii umeme wa kompyuta. Ukiwa kwenye M hakuna fito wala waya wa chuma unaotoka mkononi mwako kwenda kwenye gia ya tatu. Ukivuta pedo iliyo nyuma ya usukani, umebonyeza swichi ndogo tu, kama ya kengele ya mlangoni. Anayefungua mlango ni mwingine.

Giaboksi ya 86 otomatiki inaitwa A960E, imetengenezwa na Aisin, ina gia 6. Jina hilohilo utalikuta kwenye Mark X nyingi na kwenye Lexus IS 250, kwa hiyo mwenye Mark X asidhani namruka. Uwiano wake ni 3.538 kwa gia ya kwanza, 2.060 ya pili, 1.404 ya tatu, 1.000 ya nne, 0.713 ya tano na 0.582 ya sita. Tofauti iko kwenye programu ya kompyuta, kwenye difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu), na kwenye injini iliyofungwa mbele yake. Namba hizo ziweke kichwani, zina kazi mbele.

Ombi, si amri

Unapovuta pedo ya kupunguza, kompyuta inapiga hesabu: kwa kasi hii, kwenye gia aliyoomba, injini itafika RPM (mizunguko kwa dakika) ngapi? Jibu likivuka kikomo, ombi linakataliwa, na Toyota inakujulisha kwa mlio mara mbili. Anayeusikia mara ya kwanza hudhani gari lina hitilafu. Kikomo cha 86 ya kizazi cha kwanza kiko karibu na 7,400. Gia ya pili kwenye kilomita 110 kwa saa ingeifikisha injini karibu 7,900, kwa hiyo hupewi. Kwenye manyuali ungepewa, na mafundi wa injini wanazijua hasara za dereva aliyeitafuta gia ya nne mkono ukaangukia ya pili.

Vivyo hivyo ukiomba gia ya sita ukiwa kilomita 30: utanyimwa. Na ukija kusimama kwenye taa ukasahau kupangua, gari litapangua lenyewe lisizime. Upande wa juu ndiko magari yanakotofautiana. Mengine, mshale ukigusa nyekundu, yanaongeza gia yenyewe hata kwenye M. Mengine yanakuacha ugonge kikomo, injini ikatwe mafuta ikiguguma mpaka uvute pedo. Lijue la kwako liko kundi gani siku barabara ni nyeupe, usije ukagundua ukiwa ubavuni mwa semi-trela.

Kuna mtego mwingine kwenye Toyota na Lexus nyingi, ambazo herufi yake ni S badala ya M. Dashibodi inaandika S4 na dereva anasoma "niko gia ya nne." Si lazima. Kwenye mfumo huo namba ni dari: umeiambia giaboksi isipande zaidi ya nne, lakini chini ya hapo ina uhuru wa kuchagua yoyote. Kwa kuteremka mlima dari inatosha, maana unachotaka ni gari lisiongeze gia. Kwa kuingia kona kwa mpangilio haitoshi, maana hujui hasa umeshika ipi. Mtu aliyezoea S halafu akahamia kwenye M ya kweli, ambapo namba ni gia yenyewe, huona kama ameazimwa gari jipya. Na ukivuta pedo ungali kwenye D, magari mengi yatakupa gia uliyoomba kwa muda, kisha ukitulia yanajirudia kwenye kazi yake bila kukuaga.

Mkanganyiko kuhusu pedo una historia, na historia yenyewe iko karibu yote ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1989 Porsche ilitangaza Tiptronic kwa 911 ya kizazi cha 964: otomatiki ya konvata, gia 4, yenye njia ya pili ya mkono iliyoandikwa alama ya kuongeza na ya kutoa. Mwaka huohuo, Machi 26, Nigel Mansell alishinda mashindano ya Formula 1 ya Brazil kwa Ferrari 640 iliyosanifiwa na John Barnard, gari la kwanza la Formula 1 kuwa na pedo nyuma ya usukani. Vitu hivyo viwili havikuwa ndugu. Giaboksi ya Ferrari ilikuwa na gia za kawaida na klachi halisi. Haidroliki ilishika tu nafasi ya mkono na mguu wa dereva. Ya Porsche ilikuwa otomatiki iliyofundishwa kusikiliza. Leo sura ya Ferrari imevishwa kwenye mwili wa Tiptronic, ndiyo maana mtu akiona pedo anatarajia gari la mashindano, kisha anashangaa linapojibu kama otomatiki.

Basi lililo mbele yako

Tuingie barabarani. Umetoka Chalinze unaelekea Segera. Mbele yako kuna basi linatembea kilomita 80 kwa saa, nawe unalifuata kwa 80, mkono uko kwenye D. Kwa tairi za 86 na difu yake ya 4.1, gia ya sita kwa kasi hiyo injini inazunguka takriban 1,600. Mafuta hayaliwi, redio inasikika vizuri, hakuna kosa.

Njia ikafunguka. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mambo yanafuatana: kompyuta inasoma mguu, inaamua, inaachia konvata, inazishusha gia kutoka sita hadi tatu au mbili, inapandisha mzunguko wa injini uendane na gia mpya, inabana klachi, ndipo msukumo unafika. Tuseme yote hayo yamechukua sekunde moja. Kwa kilomita 80 kwa saa sekunde moja ni mita 22, na mita hizo umezitembea upande wa kulia wa barabara bila nguvu uliyoiomba. Aliyeko kwenye M anakuwa ameshapangua akiwa bado nyuma ya basi, upande wake, akisubiri tu. Njia ikifunguka, mguu unagusa na gari linaondoka. Giaboksi ni ileile na injini ni ileile. Aliyeokoa mita 22 ni yule aliyeamua mapema.

Lakini apangue hadi ipi? Hapa ndipo ninapopenda sana gari hili, kwa sababu linakulazimisha umjue uliyemkalia. Piga hesabu kwa namba za juu: kwa kilomita 80, gia ya tatu inakupa RPM 3,900 na ya pili 5,700. Kwa gari lingine ningesema tatu bila kufikiri. Injini ya 86 ya kwanza, ya lita 2.0, ina bonde. Nguvu yake ya kuzungusha inapanda vizuri, halafu katikati, maeneo ya RPM 3,500 hadi 4,500, inalegea, kisha inafufuka na kufika Nm 205 (Nm, nyutoni-mita, ndicho kipimo chake) kileleni kati ya 6,400 na 6,600. Gia ya tatu kwa 80 inakutupa katikati ya bonde. Utakanyaga, na gari litafikiri. Gia ya pili inakuweka juu ya bonde, pale injini inapoimba, ila ina mwisho wake: kwa 7,400 itakuwa imefika kilomita 103 tu, kwa hiyo uwe tayari kuvuta pedo ya tatu ukikaribia 100. Na ukiivuta hapo, tatu inaanzia karibu 4,900, bonde limebaki nyuma. Kompyuta ya D inajua hesabu hizo vizuri kuliko mimi. Isichojua ni kwamba unataka kulipita basi hilo, na kwamba unataka kulipita baada ya ile kona.

Toyota yenyewe ililikubali bonde hilo kwa vitendo: GR86 ya mwaka 2021, kizazi cha pili cha gari hili, ikaja na lita 2.4, Nm 250, na kilele chake kikashushwa hadi RPM 3,700. Kwa gari hilo jibu la swali la basi ni gia ya tatu. Mwenye Mark X ya V6 naye afanye ya kwake: asikilize ni wapi injini inasukuma na ni wapi inalegea, asiazime jibu la rafiki mwenye injini nyingine.

Msomaji mmoja atauliza, kama kuchagua gia ni muhimu hivyo, si bora manyuali? Kwa mapenzi ya kuendesha, huenda. Kwa vipimo vya Toyota huko Ulaya, 86 ya manyuali ilifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 7.6 na otomatiki kwa 8.2. Kwenye mafuta meza ikageuka: lita 7.8 kwa kilomita 100 za manyuali, 7.1 za otomatiki. Sababu iko kwenye gia ya sita. Ya manyuali ina uwiano wa 0.767 na kwa kilomita 100 injini inazunguka karibu 2,670. Ya otomatiki ni 0.582, inazunguka 2,000 na kidogo. Safari ya Dar hadi Mbeya unaisikia tofauti hiyo masikioni na kwenye kituo cha mafuta.

Kona

Ukiingia kona kwenye D unaachia mafuta. Kompyuta inaona mguu umelegea, inadhani umeshafika kasi unayoitaka, inapandisha gia. Katikati ya kona unagusa mafuta utoke, inaona mguu umerudi, inapangua. Mshtuko wa kupangua unafika kwenye magurudumu ya nyuma wakati gari limeinama ubavu mmoja, na 86 inaendeshwa na magurudumu ya nyuma. Barabara ikiwa kavu ni usumbufu. Ikiwa imelowa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile inayochanganyika na vumbi na oili, mkia unaweza kukutangulia.

Kwa hiyo kazi yote ya gia imalizwe gari likiwa limenyooka. Breki kwanza, vuta pedo, sikiliza injini inapigwa mafuta kidogo ili mzunguko ulingane (86 inafanya hivyo yenyewe, na vizuri kuliko visigino vya wengi wetu), kisha ndipo ukate usukani. Ndani ya kona gia haiguswi. Hilo ndilo D isiloweza kukuahidi, hata kama magari mapya yanajitahidi: Rolls-Royce Wraith ya mwaka 2013 ilitumia setilaiti na ramani kuichagulia giaboksi gia ya kona ijayo. Kampuni ilitumia teknolojia ya anga kulipa gari kitu ambacho dereva anacho usoni.

Jambo dogo kuhusu pedo zenyewe. Kwenye 86 zinazunguka pamoja na usukani, kwa hiyo ukikata kona kali ya kulia unaweza kukuta ya kupunguza imehamia upande usiotarajia. Mitsubishi Lancer Evolution X ilizifunga kwenye nguzo zisizunguke, na Nissan GT-R ilianza hivyo kabla ya kuzihamishia kwenye usukani katika toleo la 2017. Kila upande una wafuasi. Kama gia imemalizwa kabla ya kona, ubishi huo haukuhusu.

Kitonga

Nimeacha kwa makusudi sehemu ninayoijali kuliko zote. Ukitoka Iringa kwenda Dar, baada ya Ilula unafika Kitonga, na barabara inaanza kujikunja kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Harufu ya breki utaikuta kabla hujamuona mwenye gari.

Breki haziondoi mwendo, zinaugeuza kuwa joto. 86 ikiwa na dereva tuiweke kilo 1,300. Kwa kila mita 100 inazoshuka kwenda chini, joto linalozaliwa linatosha kuzifikisha lita 4 za maji ya kawaida kwenye kiwango cha kuchemka. Hebu fikiria kila mita 100 za kimo unaweka sufuria jingine juu ya diski zako nne, na mlima bado unaendelea. Padi zikizidiwa, mguu unagonga chini na gari haliitikii. Oili ya breki iliyozeeka ikichemka, pedeli inazama kama sponji. Gari la spoti lenye breki nzuri linachelewesha siku hiyo, haliifuti.

Kwenye D gari linashuka likijiona liko huru. Mguu hauko kwenye mafuta, kwa hiyo linakaa gia za juu, injini haizuii kitu. Programu za kisasa huhisi mteremko na kupangua zenyewe, ila huchelewa na husubiri uguse breki kwanza. Kwenye M unafanya kabla ya kona ya kwanza: punguza kwa breki, pangua hadi ya tatu, ikibidi ya pili, uachie mafuta. Sasa magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, na injini inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa, kazi inayoichosha kama mtu anayevuta pumzi kwa kidole puani. Uchovu huo ndio breki yako. Kwa kilomita 60 gia ya tatu inazunguka 2,900, ya pili 4,300. Madereva wapya wanaisikia ile 4,300 wanaogopa kwamba injini inaumia. Haiumii. Imejengwa kufika 7,400, na hapo haisukumi mzigo, inasukumwa tu. Madereva wa malori wa njia ya Zambia wana kauli yao: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Inafaa kwa 86 kama inavyofaa kwa lori la tani 30.

Na frii, tafadhali, hapana. Kuna watu wazima, wenye uzoefu, wanaosukuma mkono kwenye N mteremkoni wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye injini ya leo ni kinyume. Ukiteremka na gia huku mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Ukiweka N, injini imetengwa na magurudumu, inabidi ipewe mafuta ili isizime. Kwa hiyo unalipa ili uondolewe breki ya injini. Wakenya wanaoijua Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hawahitaji kuelezwa malori yaliyoachiwa kwenye frii yamefanya nini pale.

Tahadhari mbili kwa anayetumia injini kama breki. Taa zako za nyuma haziwaki, aliye nyuma anaona tu unamjia. Gusa breki kidogo zimulike. Na lami ikiwa imelowa, usipangue gia mbili kwa mpigo, kwa kuwa kwenye 86 breki hiyo inashika magurudumu ya nyuma peke yake.

Giaboksi nyingine

Si kila M ina konvata nyuma yake. Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003 ilileta barabarani giaboksi ya klachi mbili, moja inashika gia za 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6, ili inayofuata iwe imeshakaa tayari kabla ya kuitwa. Porsche ilikuwa imeijaribu kwenye magari yake ya mashindano, 956 na 962, miaka ya 1980. GT-R ya 2007 ikaja nayo bila hata kukupa nafasi ya kuchagua manyuali. Pedo za magari haya zinajibu papo hapo, lakini kwenye foleni ya kupanda kilima usilishikilie gari kwa mafuta: hakuna oili ya kuteleza kwa upole, zipo klachi halisi zinazoungua. Shika breki. Subaru zenye CVT, Lineartronic zilizoanza mwaka 2009, hazina gia kabisa, ni mnyororo na puli, na "gia" unazozivuta ni vituo vilivyoandikwa kwenye programu. Mteremkoni vinafanya kazi vizuri vilevile.

Kwa aliye na konvata, adui ni joto la oili. Ukiendesha kwa nguvu milimani, ibadilishe kabla ya wakati, na kwenye A960E iwe WS ya Toyota, si oili yoyote ya otomatiki iliyoandikwa ATF. Foleni ya Ubungo acha mkono kwenye D, hakuna unachokiona mbele ambacho gari halikijui.

Kijana wa 86 nilimwambia asianze na pedo. Wiki ya kwanza akae D, atazame namba na mshale wa RPM, na kabla ya kila kona na kila ovateki aseme kwa sauti gia ambayo yeye angeichagua, kisha aone gari limechagua ipi na lini. Wiki ya pili avute pedo ya kupunguza peke yake. Ya kuongeza ingoje. Pia ajifunze mkono wake unaelekea wapi, kwa sababu kwenye Toyota na Subaru nyingi kusukuma mbele ni kuongeza, na kwenye BMW na Mazda kusukuma mbele ni kupunguza, na siku atakapoazimwa gari la rafiki mkono utakwenda ulikozoea.

Mwezi uliofuata alinipigia akiwa Ruaha Mbuyuni, ameshuka salama, anakula mahindi ya kuchoma. Alikuwa ameshika rimu ya mbele kwa mkono mtupu. Ya moto, akasema, lakini unaishika.